Sensa ya Hewa Haipimwi kwa Boksi

Nasema hivi, na mwenye kukasirika akasirike: fundi akikuuzia sensa ya hewa kabla hajapima hewa, huyo hajatengeneza gari. Amekuuzia boksi. Haijalishi kama hilo boksi lina nembo ya kampuni ya gari na bei ya ng'ombe wa maziwa, ama ni boksi jeupe la bei ya kutupa. Boksi ni boksi.

Hapa kwetu Thika, ukianza Makongeni mpaka ushuke daraja la Chania, watu wa magari ya dizeli wamegawanyika timu mbili. Timu ya kwanza wimbo wao ni mmoja: orijino ama uache gari ilale. Timu ya pili nao wanakwambia zote ni sawa, zinatoka kiwanda kimoja, weka tu tusonge. Hizi timu zinatukanana kila siku. Mimi nimekuja kuwatukana wote wawili kwa heshima, kwa sababu kosa lao ni moja. Hakuna anayepima.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Wewe si uliacha chuo? Unatufunza injini kama nani?" Ni kweli, niliacha mwaka wa pili. Karo iliisha kabla mimi sijaisha. Lakini hesabu nitakayoweka hapa ni ya shule ya msingi, kuzidisha na kugawanya. Ukiona imekosea, nionyeshe mstari uliokosea. Cheti changu hakiongezi wala hakipunguzi uzito wa hewa.

Tuanze na kile kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanauziwa kitu ambacho hawajui kinafanya nini.

Fungua boneti ya dizeli ya kisasa, fuata paipu kubwa inayotoka kwa ea klina kuelekea kwa turbo. Mwanzo wa hiyo paipu kuna kidude cha plastiki, mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili, na plagi ya waya kama tano. Hiyo ndiyo sensa ya hewa. Mafundi wengine wanaiita eaflo, wengine MAF. Ndani yake kuna kipande chembamba sana kinachopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inakipoza. Kompyuta inaangalia ni umeme kiasi gani unahitajika ili kibaki na joto lake, na kutoka hapo inajua hewa iliyoingia ina uzito gani. Hakuna uchawi.

Kwa gari ya petroli, hiyo namba ndiyo inasaidia kompyuta kuamua petroli kiasi gani imwagwe. Dizeli ni tofauti. Ukikanyaga dizeli unaitisha mafuta. Namba ya hewa inatumika kwa kazi mbili kubwa: kuzuia mafuta yasizidi hewa iliyopo, ili usiwafukizie wenzako moshi mweusi, na kuongoza EGR, ile valvu inayorudisha kiasi cha moshi ndani ya injini.

Sasa chukua sensa inayodanganya. Ikisema hewa ni kidogo kuliko ilivyo, kompyuta inabana mafuta. Gari inakuwa nzito, haivuti, na kupanda kutoka daraja la Chania kuingia mjini unarudi gia ya pili kama umebeba mawe ya Ndarugo. Ikisema hewa ni nyingi kuliko ilivyo, kompyuta inaachilia mafuta zaidi, halafu inafungua EGR zaidi kwa sababu inadhani hewa safi imezidi. Hapo ni moshi, masizi, na valvu inayoziba polepole mpaka siku ya kulia. Kwa hivyo sensa mbovu ni shida ya kweli, na sisemi watu wasibadilishe. Nasema watu wanabadilisha wakiwa wamefunga macho.

Na kabla hatujaenda mbali: Hiace za zamani za 3L na 5L, zile za pampu ya mekanika, hazikutoka kiwandani na hii sensa. Mtu akikuambia sensa ya hewa ya 5L yako imekufa, chukua funguo zako uondoke pole pole bila kugombana.

Sasa niwaambie kwa nini mimi naongea na hasira.

Anko yangu ana Hiace ya injini ya 1KD, dizeli ya lita 3. Anabeba ndizi na mboga kutoka upande wa Gatundu kwenda soko la Ruiru. Anaamka saa tisa usiku. Hiyo gari ndiyo inalisha watu saba, na bado inalipiwa mkopo. Mwaka jana ikaanza kuwa nzito, taa ya injini ikawaka. Akaipeleka kwa gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi akaiweka mashine, ikatoa P0101. Hakutoa hata boneti kijiti. "Mzee, sensa imekufa. Leta elfu nne mia tano, kesho uko barabarani."

Anko akatoa. Gari ikaenda siku tatu vizuri kidogo kidogo, kisha ikarudi pale pale. Akarudi gereji. "Mzee, hiyo ilikuwa kopi mbaya, wacha tuweke nyingine." Elfu tano. Wiki moja, taa ikawaka tena. Mara ya tatu lugha ikabadilika. "Mzee, hapa ni turbo." Turbo ya mtumba, elfu sitini na tano.

Elfu sitini na tano kwa mtu wa ndizi ni mtoto kukaa nyumbani muhula mzima. Anko alikuwa ameshaanza kuuliza Sacco yake kama wanaweza kumuongezea mkopo. Hapo ndipo tukaipeleka kwa fundi mwingine, mama mmoja wa Makongeni anayefanya kazi peke yake na kijana wa kumsaidia. Mama hakuuza kitu. Aliomba tochi. Akapapasa ile paipu kati ya ea klina na turbo kwa vidole, upande wa chini ambao huwezi kuona ukisimama, akasema, "Baba, weka mkono hapa." Paipu ilikuwa imepasuka urefu wa kidole.

Angalieni hapo. Hewa ilikuwa inaingia kwa ule mpasuko, baada ya sensa. Sensa haikuiona. Ikaripoti hewa kidogo, kompyuta ikaamini, ikabana mafuta. Sensa ya kwanza kabisa, ile ya kuzaliwa na gari, haikuwa imekufa. Ilikuwa inasema ukweli kuhusu hewa iliyopita mbele yake. Hata P0101 haikusema sensa imekufa. Maana ya hiyo kodi ni kwamba namba ya hewa hailingani na vile injini inavyofanya kazi. Sababu inaweza kuwa sensa. Inaweza kuwa paipu, ea klina iliyoziba, EGR iliyokwama wazi, ama waya iliyoshika kutu kwenye plagi. Kodi inakuonyesha mtaa. Nyumba unaitafuta mwenyewe.

Mama akaweka paipu nyingine, akarudisha sensa ya zamani ambayo kwa bahati anko alikuwa ameiweka kwenye dashibodi, akatuonyesha namba kwa mashine. Gari ikiwa imetulia bila kukanyagwa, gramu 14 na kitu kwa sekunde. Akaweka ile kopi ya pili, gari ile ile, paipu mpya ile ile: gramu 10 na kitu. Akatuangalia tu.

Namba 14 ina maana gani? Hii ndiyo sehemu nataka mpige skrinishoti, kwa sababu fundi yeyote anaweza kuifanya kwa kalkuleta ya simu.

Injini ya lita 3 inavuta lita 3 za hewa kila mizunguko miwili. Ikiwa imetulia kwa mizunguko 700 kwa dakika, hiyo ni mara 350. Mara 3, unapata lita 1,050 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata lita 17.5 kwa sekunde. Sasa lita moja ya hewa ina uzito gani? Thika iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na siku ya joto la kawaida lita moja ya hewa hapa ni karibu gramu 1. Kule Mombasa hewa ni nzito zaidi, karibu gramu 1.2. Kwa hivyo hapa kwetu kiwango cha juu kabisa ni kama gramu 17.5 kwa sekunde. Lakini injini haijazi silinda zake kikamilifu, kwa hivyo toa asilimia 10 hadi 20. Unabaki na 14 mpaka 16.

Ndiyo hiyo. Sensa ya zamani ilisema 14 na kitu, kopi ikasema 10. Nani mwongo? Hukuhitaji digrii. Wewe badilisha tu: kama injini yako ni lita 2.5, weka 2.5, kama inatulia kwa mizunguko 800, weka 800. Kumbuka mambo mawili. Pima EGR ikiwa imefungwa, kwa sababu ikiwa wazi injini inavuta moshi wake na namba ya hewa safi inashuka hata kama sensa ni nzima. Pia dizeli nyingine zina kilango cha kubana hewa zikiwa zimetulia, kwa hivyo usihukumu kwa namba moja. Panda polepole mpaka mizunguko 1,400. Namba inafaa ipande karibu mara mbili, laini, bila kuruka ruka. Halafu zima injini uache suichi ikiwa imewashwa: hewa haitembei, namba inafaa iwe karibu 0. Sensa inayosema kuna upepo ndani ya paipu iliyotulia ina mambo yake.

Mashine ya kusoma hizi namba si ya NASA. Kuna zile ndogo za kuchomeka chini ya usukani zinazoongea na simu kwa Bluetooth, na gereji nyingi hapa mjini zina kubwa kuliko hizo. Shida ni kwamba zinatumiwa kusoma kodi na kufuta kodi. Kusoma na kufuta, basi, kama mwalimu anayeita majina bila kuangalia nani yuko darasani.

Sasa, timu ya "orijino ama uache." Nyinyi mnauza hofu. Nembo iliyo juu ya lile boksi la bei ya ng'ombe si ya kiwanda kilichotengeneza sensa. Kampuni nyingi za magari hazitengenezi sensa zao. Toyota wananunua kwa Denso, kampuni iliyotenganishwa na Toyota mwaka 1949. Magari mengi ya Ulaya yanabeba Bosch, na Nissan kadhaa zinabeba Hitachi. Ukinunua sensa ya Denso ndani ya boksi la Denso, yenye namba sahihi, si ati umenunua takataka. Ni mbadala kwa jina la dukani tu. Mara nyingi ni kitu kile kile bila kodi ya nembo. Kumwambia mtu wa ndizi kwamba hana njia ila ile ya bei ya juu ni kumdanganya, na unamsukuma mikononi mwa timu ya pili. Akishindwa na bei yako, anaenda kwa kopi.

Timu ya pili, "zote ni sawa," nyinyi ndio wabaya zaidi kwa sababu mnajiita marafiki wa mwananchi. Neno mbadala mmelifanya gunia. Mmetia ndani vitu vinne tofauti halafu mnauza kwa jina moja. Kuna sensa ya kiwanda kile kile kilichouzia kampuni ya gari. Kuna ya kiwanda kingine chenye jina lake, kinachoweka namba yake na kusimamia kazi yake. Kuna mtumba wa Japani, ile tunaita ex-Japan, iliyong'olewa kwa gari lingine. Halafu kuna kopi isiyo na jina, ama yenye jina la wizi. Hizo tatu za kwanza mtu mwenye akili anaweza kununua. Ya nne ni bahati nasibu, na ikiwa imebandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza, ni uhalifu. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na mamlaka nzima ya kazi hiyo.

Mimi sina shida na mbadala. Anko yangu leo anaendesha mbadala. Miezi kumi baada ya ile paipu, sensa ya kuzaliwa ilikufa kikweli: namba ikasimama mahali pamoja, ukanyage usikanyage. Mama wa Makongeni akachomoa plagi, gari ikabadilika kidogo na kuwa nyepesi, kwa sababu kompyuta iliacha kuiamini na kutumia makadirio yake. Hiyo ni dalili nzuri lakini si hukumu, na alitwambia hivyo. Akakagua paipu tena. Akasoma namba iliyochapishwa kwenye mwili wa sensa yenyewe. Tukanunua ya kiwanda kile kile, boksi la kiwanda, karibu nusu ya bei ya ile ya nembo. Akamwambia muuzaji mbele yetu, "Bosi, naifunga, naipima, ikisoma vibaya narudi nayo leo leo." Muuzaji akakubali. Ikasoma gramu 15. Tukalipa M-Pesa. Mpaka leo gari inavuta.

Kwa hivyo mbadala inawezekana. Lakini kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wazuri wanauingia, nao ni sura.

Hizi sensa zinafanana. Plagi moja, skrubu mbili, mwili ule ule. Fundi anashika moja ya gari ya petroli, inaingia vizuri kwenye dizeli, inakaa, plagi inabana, na anasema imekubali. Imekubali kukaa. Kupima ni kitu kingine. Ile sensa inaonja hewa mahali padogo tu katikati ya paipu, kisha kompyuta inakadiria hewa yote kulingana na upana wa paipu ya gari hilo. Sensa na paipu na kompyuta ni ndoa. Ukibadilisha paipu ya ea klina ukaweka pana zaidi, sensa nzima kabisa inaanza kusema hewa ni kidogo. Ukiweka sensa iliyopimwa kwa ndoa nyingine, namba zinapotea. Na zile za Bosch ni mbaya zaidi kwa mtu wa kuangalia sura: kizazi cha HFM5 kinaongea kwa volti, kizazi cha HFM6 kinaongea kwa mapigo ya dijitali. Ukiweka huyu mahali pa yule, kompyuta inasikia lugha isiyoijua. Ndiyo maana namba ya spea ni muhimu kuliko umbo, na ndiyo maana kusema "ni ya dizeli yoyote" ni upuzi.

Mtego mwingine ni usafi. Hapa kwetu kuna vumbi. Nje ya lami ya Thika Road, ingia barabara za machimbo ya mawe za Ndarugo wakati wa kiangazi, utakula vumbi mpaka ujione mnyama. Hilo vumbi, kama ea klina imechoka ama haikufungwa vizuri, linaishia kwenye kile kipande chembamba. Likikifunika, sensa inaanza kudanganya bila kufa. Wakati mwingine dawa yake ni chupa ya kusafishia sensa za hewa, ile maalum, unapuliza, unaacha ikauke kabisa, unarudisha. Nimeona kwa macho yangu watu wakitumia petroli na mswaki. Nimeona hewa ya kompresa ya kujazia magurudumu ikielekezwa kwa kitu chembamba kuliko ukucha. Halafu sensa ikifa fundi anasema, "Unaona, nilikwambia ilikuwa imekufa." Uliiua wewe!

Kuna wale watasema, "Achana na hayo yote, ziba EGR, zima sensa kwa kompyuta, gari itakimbia." Wengine wanaliuza hilo kama ujanja. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Wanaovuta huo moshi ni mama wa mahindi choma kwenye steji, makanga anayening'inia mlangoni, na watoto wanaosubiri gari ya shule. Gari yako ikikimbia kwa mapafu ya mama wa mahindi, huo si ujanja.

Sasa nijibu hoja ya nguvu zaidi ya upande wa pili, kwa sababu ipo. Mafundi wananiambia, "Wewe kijana unaongea rahisi. Mteja hataki kulipia kupimwa. Ukimwambia shilingi mia tano za kupima, anasema unamuibia. Ukimwambia elfu nne za sensa, anatoa bila kelele." Hiyo ni kweli, na ni aibu yetu sisi wenye magari. Tumezoea kulipia kitu cha kushika mkononi. Maarifa tunataka bure. Halafu tunashangaa kwa nini fundi anatuuzia vitu. Tumemfundisha sisi kwamba njia yake ya pekee ya kula ni kuuza boksi. Yule mama wa Makongeni aliomba mia nane ya kupima na kutafuta. Anko alilipa elfu tisa na nusu kwa sensa mbili zisizohitajika kabla ya kufika kwake. Hesabu hiyo nayo ni ya shule ya msingi.

Lakini fundi naye asijifiche hapo. Ukijua mteja hataki kulipia kupima, weka kupima ndani ya bei ya kufunga na umwambie wazi. Usimuuzie dhana yako kwa pesa yake. Kubahatisha ni sawa kama ukikosea unarudisha pesa. Ukikosea na mteja analipa tena, hiyo si biashara ya gereji, ni kamari ambayo wewe huwezi kupoteza.

Na wauzaji wa spea, wale wenye kibao ukutani na maneno kwenye risiti kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi: Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kibao chako cha plywood hakiwezi kufuta Katiba. Nimeelewa unaogopa mtu aje kuijaribu sensa, aichome kwa waya mbaya, kisha airudishe. Sawa, hiyo hofu ni halali. Basi kubali ifungwe na fundi mbele yako, ipimwe, namba ziandikwe nyuma ya risiti. Sensa nzuri haina cha kuogopa hapo.

Nataka wenye dizeli wa Thika, Juja na Ruiru waanze kusema haya maneno gereji, wiki hii:

Moja, "Nionyeshe namba ya sasa, gari ikiwa imewaka." Usikubali kodi peke yake.

Mbili, "Umekagua paipu, ea klina na plagi?" Mwache aweke mkono mpaka chini kusikoonekana.

Tatu, "Namba ya spea ya ile ya zamani ni gani, na hii mpya ni gani?" Zisome wewe mwenyewe, kwenye mwili wa sensa. Boksi linaweza kubadilishwa.

Nne, "Nipe sensa yangu ya zamani." Ni mali yako. Kama anko angeacha yake gereji, tusingekuwa na cha kulinganisha.

Tano, "Nionyeshe namba baada ya kufunga, halafu nilipe." Fanya ile hesabu ya lita na mizunguko. Zungusha gari mpaka kilimani urudi.

Fundi mzuri hatakasirika. Yule mama alifurahi tulipomuuliza maswali, alisema wateja wengi wanasimama kando wakiangalia simu. Fundi atakayekasirika amekuambia unachohitaji kujua kabla hujafungua pochi.

Mji huu si mgeni kwa magari. Kiwanda cha KVM kilianza hapa Thika mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na tangu wakati huo mikono ya watu wa hapa imeunganisha malori, mabasi na magari madogo. Hatukosi watu wanaojua kazi. Tunakosa tabia ya kuwauliza wathibitishe. Mtu anaweza kuuliza bei ya nyanya mara tano sokoni Ruiru, abonyeze kila moja, anuse, arudishe iliyooza, halafu aende gereji atoe elfu kumi bila kuuliza swali moja.

Methali inasema rahisi huvunja upishi, na wauzaji wa nembo wanaipenda sana hiyo. Lakini ghali isiyopimwa nayo inavunja. Kwa hivyo ukisikia mabishano ya orijino na mbadala tena, usichague timu. Uliza ni gramu ngapi.

Mtumie fundi wako hii. Kama ni mzuri, atakubaliana nami. Kama si mzuri, mtumie mara mbili.